Kalunguyeye Amshonea Fisi Blanketi

Leo sitaki mnipokee kwa ile paukwa ya kila siku, imechakaa. Leo nikisema "Uzi!" nyinyi mniitikie "Upite!"

Uzi!

Upite!

Wale wa nyuma mmekula au hamjala? Uzi!

Upite!

Upite wapi?

Tunduni!

Umshone nani?

Mwenye tamaa!

Haya, sogeeni karibu. Ngano ya leo ina baridi, na nikimwona mtu anavuta shuka peke yake nitamtaja kwa jina, hata kama ni mkwe wangu.

Zamani hizo wanyama wadogo wa Vichakani walivaa nguo kama sisi, maana manyoya yao yalikuwa haba, na kipupwe cha Vichakani kilikuwa kipupwe kweli. Upepo ulitoka ng'ambo ya mto, vuuu, ukaingia chini ya mlango, vuuu, ukazunguka kitanda mpaka ukajua nani analala peke yake.

Na zamani hizo alikuwako Fisi. Huyo hakuvaa nguo, alivaa tumbo. Mtu akifa Vichakani, wenzake walimzika jioni, na asubuhi walikuta shimo. Fisi amefukua, Fisi amekula, Fisi amekwenda zake. Wakachimba kaburi refu zaidi, asubuhi shimo. Wakaweka mawe juu, asubuhi mawe huku, shimo kule. Mwisho wakachoka. Wakasema, kama mwili haukai, basi tutabaki na nguo.

Tangu hapo mtu akifa, nguo zake zilikatwa vipande, na vipande vikapelekwa kwa Kalunguyeye. Huyu alikuwa mjane mfupi, mnyamavu, mgongo wote miiba. Alikuwa aking'oa mwiba wa mgongoni mwake, akiutoboa tundu, na hiyo ndiyo sindano yake. Akichukua kipande cha gauni jekundu la marehemu huyu, akikiunga na kipande cha shati la manjano la marehemu yule, na cha bluu, na cha kijani, mpaka nyumba ikapata blanketi la viraka la kulalia. Lilikuwa na rangi mpaka macho yanacheka, hata kama mwenye macho alikuwa analia. Na kwa kila kiraka alimtaja mwenye nguo, kwa wimbo wa chinichini:

Dunga, vuta, huyu ni mume wa Kwale,
dunga, vuta, huyu ni mama wa Pimbi,
dunga, vuta, kaeni nasi msiende.

Kwa hiyo Vichakani hakukuwa na makaburi. Kulikuwa na mablanketi.

Kipupwe kilichopita, Fisi alichungulia kwa Kalunguyeye akakuta watoto wake watatu wamelala chini ya blanketi moja.

"Hilo blanketi," akasema Fisi.

"Bwana, watoto hawa..."

"Nimekuuliza habari za watoto? Nimesema blanketi."

Akalivuta, frrr, akaondoka nalo. Wala hakulitumia sana, kwa sababu lilikuwa na harufu ya maziwa, na njiani alilitafuna. Wiki haikuisha, watoto wawili wakafa kwa baridi. Wakazikwa jioni. Asubuhi, mnajua wenyewe.

Kalunguyeye hakupiga kelele. Alikata vigauni vyao, akavishona vikawa kijiblanketi kidogo cha kumtosha yule mmoja aliyebaki, binti, jina lake Mwatabu. Kipupwe cha mwaka huu kilipoingia, Mwatabu alianza kukohoa. Kho, kho, kho. Kifua chembamba, kikohozi kinene. Mama yake akawa na neno moja tu kichwani tangu anaamka mpaka analala: huyu asife.

Sasa Fisi naye aliona baridi. Akapita nyumba kwa nyumba. Akafika kwa Bibi Kwale: "Blanketi!" Akapewa. Akafika kwa Pimbi: "Blanketi!" Akapewa. Akafika kwa Digidigi: "Blanketi!" Digidigi akasema hana, akaonyeshwa meno, akawa nalo. Fisi alitaka, Fisi akapewa, nyumba hata nyumba, mpaka Vichakani pote hapakubaki kitambaa cha kufunika kuku. Akayaburuta yote mpaka kwa Kalunguyeye, akayabwaga mlangoni, puu!

"Fundi!"

"Labeka, bwana."

"Unayaona haya?"

"Nayaona."

"Nataka yawe moja. Langu."

Kalunguyeye akayatazama. Alimjua mwenye kila kiraka. "Bwana, moja tu hapo linakutosha toka pua mpaka mkia."

"Nimesema yote."

"Basi niyaunge kwa upana?"

"Likiwa pana watajipenyeza wengine pembeni. Shona juu kwa juu. Tabaka juu ya tabaka."

"Litakuwa zito, bwana."

"Mimi nina nguvu au sina?"

"Unazo, bwana."

"Shona!"

Neno lile, zito, lilimtoka Kalunguyeye kwa ukweli tu, bila hila. Lakini lilipotoka lilimrudia, likakaa. Alikuwa amefua mablanketi ya viraka maisha yake yote. Moja, likishalowa, lilitaka watu wawili kulikamua, mmoja huku na mmoja kule, na bado liliwavuta mikono. Akaangalia lile lundo. Moyo ukampiga, pu! Akainamisha kichwa upesi, Fisi asiuone uso wake, akang'oa mwiba mgongoni, akaanza.

Dunga, vuta. Dunga, vuta.

Majirani wakaja kusimama kwa mbali. Pimbi, ambaye mdomo wake haukujua kufunga, alisogea mpaka dirishani.

"Mama Mwatabu! Unamshonea Fisi?"

"Namshonea."

"Kwa nguo za mama yangu?"

"Ndiyo."

"Mikono yako ikauke!" Pimbi akatema mate, ptu, chini ya dirisha. Nyuma yake alisimama Bibi Kwale. Alimtazama tu Kalunguyeye, akageuza mgongo. Hilo lilimuuma kuliko mate ya Pimbi, maana walikuwa marafiki tangu usichana wao. Lakini angewaambia nini? Kumwambia Pimbi siri ni kumwambia upepo. Akabaki nayo kifuani, akaendelea kudunga na kuvuta, machozi yakidondokea mkononi.

Fisi hakumwamini. Aliingia ndani, akajinyoosha karibu na jiko, akawa analinda mali yake. Na huko pembeni, ndani ya kapu lililofunikwa, sauti ikatoka: kho, kho, kho.

Fisi akainua sikio. "Nani huyo?"

"Mtoto, bwana. Anaumwa."

Fisi akafunua kapu. Akamwona Mwatabu amejikunja, na juu yake kijiblanketi cha viraka vidogo, vya rangi ya waridi na ya maziwa.

"Aha! Na hiki?"

"Hicho hakifai, bwana. Ni kidogo. Hakikufuniki hata sikio."

"Nilisema yote au sikusema yote?"

Jamani, hapo Kalunguyeye alitaka kumrukia. Miiba yote ilimsimama. Lakini alimtazama Fisi, akajitazama na yeye, akaona akimrukia leo, kesho Mwatabu hana mama. Akachukua kijiblanketi kile kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akauliza, "Mama, nijifunike nini?" Mama akamrundikia majani makavu ya migomba, kwa kuwa hakuwa na kingine, na akamwambia, "Vumilia kidogo, mwanangu." Kidogo kiasi gani, hata yeye hakujua.

Akarudi kwenye kazi. Tabaka la pili juu ya la kwanza, la tatu juu ya la pili. Akiimba wimbo wake chinichini, kama alivyozoea.

Dunga, vuta, huyu ni mume wa Kwale,
dunga, vuta, huyu ni kaka wa Digidigi...

Fisi alikuwa anasinzia. Akafumbua jicho moja. Mume wa Kwale alimkumbuka. Alikuwa mnene, yule. Na kaka wa Digidigi aliwahi kumkwama kooni.

"We fundi, unawataja wa nini?"

"Ni wenye viraka, bwana. Kila kiraka kina mwenyewe."

"Si wamekufa?"

"Wamekufa."

"Basi kuwataja kwa nini?"

"Wajue wanamfunika nani."

Fisi akakaa. Jicho la pili nalo likafumbuka. "Na wakijua ni mimi?"

Kalunguyeye akavuta uzi, polepole, chwiii.

"Nimekuuliza! Wakijua ni mimi, watafanya nini?"

"Wengine huja ndotoni, bwana. Hukaa juu ya kifua. Huuliza, nani huyu kalala chini yetu? Lakini wewe una nguvu. Watakuja wengi kidogo, lakini una nguvu."

Fisi akameza mate, gluk. Nawaambieni, mtu anayekula wenzake hupenda sana wakishaliwa watulie. "Hakuna dawa?"

"Ipo. Ila ni ya sisi wadogo, bwana. Haikufai mtu kama wewe."

"Mtu kama mimi kila kitu humfaa! Ni ipi?"

"Blanketi jipya, mwenyewe hulivaa akashuka nalo mtoni. Likalowa lote likiwa mwilini. Basi marehemu humjua, wakamkubali. Kiraka kikibaki kikavu, mwenye kiraka hicho ndiye atakayekuja."

Na hilo halikuwa uongo. Ndivyo walivyofanya Vichakani toka enzi, kila mtu na blanketi lake moja, jepesi, pale kwenye maji ya magotini wanapoteka maji. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo na kijiji kizima mgongoni.

Fisi akawaza, kwa kadiri alivyoweza. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini nikiwa mtoni wasije wakanivua. Yule Pimbi simwamini, na yule Digidigi ana mbio. Unishonee shingoni, na kwapani, na tumboni. Asiweze mtu kulivuta."

"Kwa uzi mmoja, bwana?"

"Kwa uzi maradufu!"

"Na wewe mwenyewe utalivuaje?"

"Nilivue kwa nini? Ni langu!"

Fisi alitaka, Fisi akapewa. Akashonewa kwapani, uzi maradufu. Akashonewa tumboni, uzi maradufu. Na shingoni, Kalunguyeye alitia ukosi. Aliukata kwenye kile kijiblanketi cha rangi ya waridi na ya maziwa, akaudunga na kuuvuta, akaudunga na kuuvuta, na hapo hakuimba. Moyoni alisema, wanangu, mshikeni. Mama yenu hana nguvu, mshikeni nyinyi.

Asubuhi ya ukungu na manyunyu, Fisi akatoka. Blanketi lilimfunika pande zote, jekundu, manjano, bluu, kijani, likaburutika nyuma yake kama gauni la harusi ya watu wenye pesa. Kijiji kizima kilisimama mlangoni kikitetemeka, kimeona marehemu wake wakipita. Bwata, bwata, bwata, Fisi akashuka mtoni. Kalunguyeye nyuma yake.

"Niingie hapa, kwenye maji ya magotini?"

"Hapo ni pa wadogo, bwana. Wewe ndani yako wamo wengi. Pale chini ya mkuyu."

Pale chini ya mkuyu maji yalikuwa meusi na yametulia. Fisi akaingia. Maji yakafika tumboni, chubwi.

"Tayari?"

"Bado la juu tu limelowa, bwana. Ya ndani makavu."

Akasimama. Maji yakapanda ndani ya blanketi, tabaka kwa tabaka, bila haraka. Fisi akahisi mabega yanashuka.

"Tayari?"

"Bado mgongoni, bwana. Naona kiraka cha mume wa Kwale kikavu kabisa. Yule alikuwa na hasira, marehemu yule."

Fisi akasogea mbele hatua moja, akainama. Mgongo ukalowa. Akataka kusimama. Hakusimama. Akavuta mguu, tope likamjibu, mnyaa. Akavuta mguu wa pili, mnyaa.

"Fundi, hili limekuwa zito!"

"Nilikwambia, bwana."

"Nifungue!"

"Uliniambia nishone asifungue mtu."

"Kata uzi!"

"Ni maradufu, bwana."

Akapiga makelele. Hata ile hee-hee yake ya kucheka ilimtoka, lakini siku hiyo haikuwa kicheko. Alitupatupa kichwa, ukosi ukamshika. Alijaribu kujitoa ndani ya blanketi, kwapani likamshika, tumboni likamshika. Gubu, gubu, gubu. Kisha gubu moja. Kisha mto ukarudia kimya chake, na ile rangi ya waridi ilionekana kidogo ndani ya maji meusi, ikashuka, ikapotea.

Nyinyi mnapiga makofi? Subirini kwanza. Vichakani hakuna aliyepiga makofi.

Walikimbilia ukingoni, wakasimama. Digidigi aliingiza mguu, akautoa. Kilindi kile hakikujulikana mwisho wake. Bibi Kwale akapiga magoti kwenye tope, akaita jina la mumewe, akaliita tena, mara hii kwa nguvu. Wakaanza kulia mmoja mmoja, maana sasa ndiyo kwanza marehemu wao wanazikwa, wote kwa pamoja, na aliyewala yumo humo humo katikati.

Pimbi akamgeukia Kalunguyeye. Kwa mara ya kwanza maishani alitafuta maneno asiyapate. "Ungetuambia," akasema mwishowe.

"Ungenyamaza?"

Pimbi akafikiri. "Hapana."

"Na mama yako nimempeleka mimi majini," akasema Kalunguyeye. "Wote nimewapeleka mimi. Na wangu pia. Nisameheni." Akaanza kurudi nyumbani mbio, kwa kadiri miguu yake mifupi ilivyoweza, kwa sababu huko chini ya majani ya migomba alikuwa amemwacha Mwatabu.

Alimkuta mdomo umebadilika rangi. Kho. Kho. Majani yalikuwa yamelowa kwa manyunyu yaliyopenya paani. Akamtoa, akataka kumkumbatia, na hapo ndipo jambo la zamani lilipomuuma upya: kalunguyeye hakumbatii. Miiba. Akawa anamsugua miguu kwa viganja, akipuliza, akisugua, na baridi inaingia mlangoni, vuuu.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Bibi Kwale. Hakusalimu. Alimchukua mtoto akamtia chini ya bawa. Nyuma yake akaingia Pimbi na nduguze, hawana shuka, hawana kitu, wakajilaza huku na huku. Digidigi akajikunja miguuni. Nyumba ilikuwa ndogo, wakabanana, huyu wa kahawia, yule wa kijivu, yule wa madoa, mtoto akiwa katikati kabisa, haonekani ila pua.

Kalunguyeye hakuweza kuingia katikati yao. Alikwenda kulala mlangoni, mgongo kwa nje, akazuia upepo. Akawa anasikiliza. Kho, kho. Watu wakanyamaza, wakaanza kukoroma. Kho. Baada ya muda mrefu, kho. Kisha kikohozi kikakoma.

Akangoja. Kimya. Akangoja tena. Kimya kile alikuwa anakijua, kilimwingilia nyumbani kipupwe kilichopita, mara mbili.

Akaruka. Akajitupa juu ya wenzake wote bila kuangalia anakanyaga nani. "Aaa!" akalia Pimbi. "Wewe!" akalia Digidigi. "Mama Mwatabu, macho yangu!" Hakusikia. Alichimba kati yao kwa mikono miwili mpaka akamfikia mtoto wake, akamkamata, akambana kifuani na miiba yake yote.

"Mwatabu! Mwatabu!"

Mtoto alikuwa amepata joto. Akafumbua macho yaliyojaa usingizi, akakunja uso.

"Mama," akasema, "unanichoma."

Na Kalunguyeye hakumwachia.

Uzi wangu umefika mwisho, nafunga fundo, naukata kwa meno. Kama ngano imekupasha joto, jifunike nayo. Kama imekupa baridi, mlaumu aliyekaa karibu na mlango.

Ala, na fundisho! Watoto wa siku hizi bila fundisho hawaondoki. Haya, fundisho ni hili: mtiini mkubwa. Mkubwa akitaka blanketi lako, mpe. Akitaka la jirani, msaidie kulibeba. Akitaka la mtoto wako, usimbishie, mpe na hilo, mvishe, mfungie vizuri shingoni asije akaona baridi. Kisha mwonyeshe njia ya mtoni kwa adabu, ukisema bwana, bwana. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika.